Wafo inanasa kwenye mashine? Mara nyingi tatizo ni mafuta ya jana, si unga wa leo

Mashine ya wafo imeshaingia kwenye jiko la watu wengi. Ile keki bapa yenye vijumba kama sega la nyuki, ambayo wengi waliizoea kwenye meza ya kifungua kinywa hotelini, sasa inaokwa nyumbani, inauzwa kwenye sherehe za watoto na kwenye vibanda vya barabarani, nyingine ikiwa imechomekwa kijiti kama mshikaki.

Shida huanza pale mfuniko unapofunguliwa. Badala ya wafo kutoka nzima, nusu inabaki juu na nusu chini. Mpishi anachukua kisu, anakwangua, anapaka mafuta mengi zaidi na kujaribu tena. Inayofuata inanasa vilevile. Baada ya miezi michache, mashine inaishia juu ya kabati ikiwa imefungwa kwenye mfuko.

Wengi hulaumu unga, au husema mashine ni feki. Lakini mara nyingi chanzo ni vitu vinne: joto, muda, sukari na mafuta. Na kwenye mafuta, kinachosumbua zaidi si yale yanayopakwa leo, bali yale yaliyobaki kwenye bamba tangu mara ya mwisho. Ndiyo maana kuzuia wafo isinase na kuisafisha mashine si kazi mbili. Ni kazi moja.

Hasara yake si wafo moja tu

Kwa anayekula nyumbani, wafo iliyochanika bado ni chakula. Kwa anayeuza, ni hasara, tena kubwa kuliko inavyoonekana.

Chukua mfano wa mashine inayooka wafo moja kwa dakika 4. Ikifanya kazi bila kusimama, kwa saa moja inatoa wafo 15. Sasa wafo 2 zinase, na kila moja imlazimu mpishi kutumia dakika 8 kukwangua, kupaka mafuta na kusubiri joto lirudi. Hapo dakika 16 zimeshapotea. Zinabaki dakika 44, yaani wafo 11. Ukitoa zile 2 zilizochanika, za kuuza ni 9.

Kutoka 15 hadi 9, kwa kunasa mara mbili tu. Na hapo bado hujahesabu mikwaruzo ya kisu, ambayo itafanya za kesho zinase pia.

Nini hutokea mfuniko ukifungwa

Rojo la wafo lina maji mengi, kutoka kwenye maziwa na mayai. Linapogusa bamba lenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi za Selsiasi, maji yaliyo juu juu hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo unalitutumua rojo lijaze vijumba vyote, na wakati huohuo unalizuia lisishikane sana na bamba.

Baada ya dakika moja au mbili, sehemu ya nje huanza kukauka na kuwa gamba. Joto la gamba likipita nyuzi 140 hivi, linaanza kupata rangi ya kahawia na ile harufu nzuri. Gamba likishakauka vizuri linajibana kidogo na kujiachia lenyewe kwenye bamba.

Kabla ya hapo, hali ni tofauti kabisa. Mayai, maziwa na wanga wa unga vikiwa nusu mbichi ni gundi. Bamba likiwa halijapata moto wa kutosha, rojo linapata nafasi ya kuingia kwenye kila mkwaruzo na kila kijishimo, kisha linaivia humohumo. Hapo kulitoa ni kazi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni rahisi: bamba liwe la moto kabla rojo halijaingia, na mfuniko usiguswe mpaka gamba likauke.

Taa ya kijani isikudanganye

Mashine nyingi za umeme zina kataa kadogo kanakowaka au kuzimika joto likifika. Wapishi wengi huona kataa hako na kumimina rojo mara moja.

Kwenye mashine nyingi, taa hiyo husema jambo moja tu: kidhibiti joto kimefikia kiwango chake. Haisemi kwamba bamba lote, kuanzia katikati hadi pembeni, lina joto sawa. Ni vizuri kuiacha mashine ikiwa imefungwa kwa dakika nyingine 3 hadi 5 baada ya taa kubadilika, ndipo rojo la kwanza limiminwe.

Vivyo hivyo, taa si kipimo cha wafo kuiva. Kipimo kizuri ni mvuke. Mwanzoni mvuke hutoka kwa wingi pembeni mwa mfuniko. Ukianza kupungua na kuwa mwembamba, maji mengi yameshatoka na gamba limekauka. Hapo mfuniko unyanyuliwe taratibu. Ukihisi unavutwa chini, wafo haijawa tayari. Urudishwe na kusubiri nusu dakika au dakika moja zaidi.

Kuulazimisha mfuniko ufunguke ndiko kunakoichana wafo vipande viwili.

Umeme mdogo nao ni chanzo

Hili husahaulika sana. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 230 inategemea kupata volti hizo. Jioni, watu wengi wanapowasha vyombo kwa pamoja, umeme wa mtaani unaweza kushuka. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu ya kipashio haipungui kidogo tu. Inabaki kama asilimia 76 ya nguvu yake ya kawaida.

Matokeo yake, bamba linapoa kila rojo linapomiminwa, na linachelewa kurudisha joto. Wafo zinatoka zimepauka, laini na zimeshika. Dawa ni kusubiri muda mrefu zaidi kati ya wafo moja na nyingine, kupunguza kiasi cha rojo, na kutochomeka mashine kwenye kebo moja ya soketi nyingi pamoja na birika au pasi.

Kinyume chake kipo pia. Mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani huwa imetengenezwa kwa volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 230, kipashio kinapata nguvu karibu mara nne ya inayotakiwa. Inaweza kuungua kwa muda mfupi sana, na utando wa bamba ukaungua nao. Ni lazima itumiwe na transfoma yenye uwezo wa kutosha.

Mafuta: hapa ndipo wengi wanapokosea

Mabamba ya mashine nyingi za siku hizi ni ya alumini iliyofunikwa kwa utando laini unaozuia chakula kushika. Utando unaotumika sana ni ule unaojulikana kwa jina la biashara la Teflon. Uligunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na mkemia Roy Plunkett, aliyekuwa akifanyia kazi kampuni ya DuPont huko New Jersey, Marekani. Alikuwa akichunguza gesi za kupoza majokofu, akakuta gesi iliyokuwa ndani ya mtungi imegeuka unga mweupe unaoteleza. Katika miaka ya 1950, Mfaransa Marc Grégoire akapata njia ya kuufanya ushike kwenye vyombo vya alumini vya kupikia.

Utando huo ukiwa safi, hauhitaji mafuta mengi. Tatizo ni kwamba mpishi akiona wafo imenasa, jambo la kwanza analofikiria ni kuongeza mafuta. Yale yasiyoingia kwenye wafo hubaki kwenye bamba kama safu nyembamba, na safu hiyo ikipigwa moto mara kwa mara inageuka ulimbo wa kahawia, kama rangi ya mafuta inavyokauka ukutani. Ulimbo huo hunata. Kinachoshika wafo ya leo, basi, ni mafuta yaliyopakwa ili isishike jana.

Mafuta ya kopo ya kupuliza ndiyo mabaya zaidi kwa kazi hii. Mengi huwa na lesithini, kiungo kinachosaidia mafuta kusambaa. Kwenye bamba la moto, lesithini huacha gamba linalonata na ambalo haliondoki kwa kufuta tu. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa vyombo vyenye utando huo husema wazi kwamba mafuta ya kupuliza yasitumike.

Njia salama ni hii: mafuta kidogo ya kupikia, ya alizeti kwa mfano, au samli iliyoyeyushwa, yapakwe kwa brashi ya silikoni au kitambaa safi cha pamba kwenye mabamba yote mawili kabla ya wafo ya kwanza. Bamba liwe linang'aa tu. Mafuta yakionekana yametuama kwenye vijumba, yamezidi, yafutwe. Brashi ya nailoni isitumike kwa sababu nywele zake zinaweza kuyeyuka.

Siagi ya kawaida haifai kupakwa kwenye bamba. Ina maji na chembechembe za maziwa, na chembe hizo huungua haraka na kuacha madoa meusi. Samli haina shida hiyo kwa kuwa chembe za maziwa zimeshaondolewa. Siagi mahali pake ni ndani ya rojo.

Rojo lenyewe liwe na mafuta yake

Wafo isiyonasa hujilainisha yenyewe. Mafuta yaliyo ndani ya rojo hutoka kidogo wakati wa kuiva na kuteleza kati ya gamba na bamba. Rojo la chapati za maji, ambalo kwa kawaida lina mafuta machache, likimiminwa kwenye mashine ya wafo hushika. Si kosa la mashine.

Kipimo cha kuanzia kinachofanya kazi vizuri ni hiki:

- unga wa ngano vikombe 2
- bekingi pauda vijiko vya chai 3
- chumvi nusu kijiko cha chai
- sukari kijiko 1 cha mezani, isizidi 2
- mayai 2
- maziwa kikombe 1 na robo tatu
- mafuta au siagi iliyoyeyushwa nusu kikombe

Viungo vikavu vichanganywe peke yake, vya majimaji peke yake, kisha viunganishwe bila kukorogwa sana. Mabonge madogo madogo si tatizo. Rojo likikorogwa kupita kiasi linavutika, na wafo inakuwa ngumu kama mpira. Liachwe litulie dakika 5 hadi 10 kabla ya kuanza kuoka.

Anayetaka gamba kavu zaidi anaweza kutenganisha mayai, akaupiga ute wake hadi uwe povu zito na kuuingiza mwishoni taratibu. Mwingine hubadilisha vijiko vichache vya unga wa ngano kwa unga wa mahindi laini wa kutengenezea kastadi. Njia zote mbili husaidia gamba likauke haraka.

Sukari ni ya kuangaliwa. Ikiyeyuka juu ya bamba inakuwa karameli, na karameli ikipoa ni gundi halisi. Ndizi mbivu zilizopondwa, asali, maziwa mazito ya kopo na vipande vya chokoleti vyote vinaongeza hatari hiyo. Utamu mwingi ni bora uje baadaye, kwenye sahani. Anayelazimika kuoka wafo tamu azioke mwishoni, baada ya zile za kawaida, na alifute bamba kila baada ya wafo chache.

Kiasi cha rojo nacho kina maana. Limiminwe katikati na kuachwa lisambae lenyewe, lisifike ukingoni kabla ya kufunga. Rojo linalofurika huingia kwenye bawaba na chini ya bamba, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Kusafisha: dakika kumi zinazookoa mashine

Mashine ambayo mabamba yake hayachomoki haioshwi kwa kuzamishwa ndani ya maji. Ndani yake kuna kipashio na nyaya. Maji yakiingia humo, mtumiaji anaweza kupigwa shoti siku atakapoiwasha tena, hata kama kwa nje inaonekana imekauka.

Utaratibu wa kila baada ya matumizi ni huu:

1. Plagi ichomolewe ukutani, mfuniko uachwe wazi.

2. Mashine iachwe ipoe hadi iwe ya uvuguvugu, mkono uweze kuivumilia. Ikiwa ya moto sana inaunguza. Ikipoa kabisa, mafuta yanaganda na kazi inakuwa ngumu.

3. Makombo yatolewe kwa brashi laini iliyo kavu, kuanzia bamba la juu kwenda la chini. Mswaki mpya wenye nywele laini, uliotengwa kwa kazi hiyo tu, unaingia vizuri kwenye vijumba.

4. Mafuta yafyonzwe kwa karatasi ya jikoni au kitambaa kikavu.

5. Kitambaa kilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kikamuliwe sana, kisha mabamba yafutwe kijumba kwa kijumba. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe maji.

6. Yafutwe tena kwa kitambaa chenye maji safi ili sabuni isibaki, halafu yakaushwe.

7. Mashine iachwe wazi hadi ikauke kabisa kabla ya kuhifadhiwa.

Hatua ya 5 ndiyo inayorukwa na wengi. Kufuta kwa karatasi kavu peke yake huondoa makombo lakini huacha ile safu nyembamba ya mafuta. Kesho ikiwashwa, safu hiyo inaoka na kuanza kuwa ulimbo.

Mabamba yanayochomoka ni rahisi zaidi. Yanaoshwa kwenye beseni kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na sponji laini, yanakaushwa pande zote mbili, ndipo yanarudishwa.

Uchafu uliokauka siku nyingi

Kama ulimbo umeshajijenga, kwanza ulainishwe. Mashine ikiwa ya uvuguvugu na imechomolewa, kitambaa chenye unyevu wa maji ya moto kiwekwe katikati ya mabamba, mfuniko ushushwe na kuachwa kwa dakika 10. Uchafu mwingi utalegea.

Ukibaki, bekingi soda ichanganywe na maji kidogo hadi iwe uji mzito, ipakwe kwenye madoa tu, iachwe dakika 10 hadi 15, kisha isuguliwe polepole kwa mswaki laini na kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu mara kadhaa hadi weupe wote uishe. Kazi hiyo inaweza kurudiwa. Kurudia mara tatu kwa upole ni bora kuliko kusugua mara moja kwa nguvu.

Hapa kuna tahadhari: bekingi soda na magadi ya kienyeji si kitu kimoja. Magadi, yale yanayotumika kulainisha maharage na yanayopatikana katika maziwa kama Magadi na Natron, yana ukali zaidi, na ukali wa namna hiyo hula alumini. Bamba lenye mikwaruzo likipakwa magadi linaweza kuharibika kabisa.

Baada ya usafi mkubwa kama huu, mabamba yapakwe mafuta kidogo sana, na wafo ya kwanza isiliwe. Ni ya kuondoa mabaki.

Wafo ikinasa kabisa

Jambo la kwanza ni kutochukua kisu. Mfuniko urudishwe, mashine iachwe iwake dakika moja au mbili zaidi. Mara nyingi wafo iliyonasa ni wafo ambayo haijakauka, na ikikauka inajiachia.

Ikikataa, plagi ichomolewe, kisha kijiti cha mshikaki au ncha ya mwiko wa mbao ipitishwe pembeni, kuzunguka ukingo, ikiinua kidogo kidogo. Mbao haikwaruzi utando. Vipande vinavyobaki ndani ya vijumba vilowekwe kwa kitambaa chenye unyevu, kama ilivyoelezwa hapo juu.

Umeme ukikatika katikati ya kuoka, mfuniko usifunguliwe. Mabamba bado yana joto, na joto hilo linaweza kuimalizia wafo ikiachwa humo dakika kadhaa zaidi. Akifungua papo hapo, mpishi anapoteza joto lote na kubaki na rojo bichi pande mbili. Umeme ukirudi na wafo bado haijatoka, iachwe ikauke kwanza ndipo itolewe.

Yapo mambo ambayo hayafai kwa hali yoyote: waya wa kusugulia sufuria, mchanga, kisu, uma, maji baridi juu ya bamba la moto, na dawa kali za kusafishia majiko au choo. Mkwaruzo mmoja hauonekani kuwa tatizo, lakini ndiko rojo litakakojishikiza kila siku.

Mashine za chuma zina sheria zake

Si kila mashine ina utando. Kabla ya zile za umeme, wafo ziliokwa kwa vyuma viwili vizito vinavyofungwa pamoja juu ya moto. Mwaka 1869, Cornelius Swartwout wa mji wa Troy, jimbo la New York, alipata hataza ya chuma cha wafo cha kuweka juu ya jiko ambacho kiliweza kugeuzwa bila kuunguza mkono. Vyuma vya aina hiyo bado vinatengenezwa na vinatumika kwenye jiko la gesi au la mkaa.

Anayejua kikaango cha chuma cha vitumbua atakielewa chuma hiki haraka. Hapa, ile safu ya mafuta iliyooka hadi ikawa nyeusi, ngumu na kavu ndiyo inayozuia chakula kushika. Haitolewi. Chuma hufutwa kikiwa na joto, hakilowekwi, hakisuguliwi kwa sabuni kali, na hupakwa mafuta kidogo kabla ya kuwekwa ili kisipate kutu.

Hapo ndipo penye mkanganyiko. Watu huchukua mazoea ya kikaango cha vitumbua na kuyapeleka kwenye mashine yenye utando, wakidhani kadiri bamba linavyokuwa jeusi ndivyo linavyozidi kuwa zuri. Kwenye chuma ni kweli. Kwenye utando ni kinyume chake: weusi ni uchafu.

Mashine maarufu iliyoganda isifunguke

Kunasa kwa mashine ya wafo kuliwahi kuingia kwenye historia ya michezo. Mwaka 1971, Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon na mmoja wa waanzilishi wa kampuni iliyokuja kuitwa Nike, alikuwa akitafuta soli nyepesi inayoshika ardhi bila misumari. Alipoona vijumba vya wafo, akaichukua mashine ya mkewe, Barbara, na kumimina ndani yake urethani, kemikali inayogeuka kuwa mpira.

Hakuwa amepaka kitu cha kuzuia isishike. Mashine ilifungwa na haikufunguka tena. Wazo lenyewe lilifanikiwa baadaye, na soli za vijumba zikawa miongoni mwa vitu vilivyoijenga kampuni hiyo. Mashine ya Barbara haikupona.

Lini mashine istaafishwe

Usafi hautibu utando uliokwisha. Dalili zake ni bamba kuonyesha rangi ya fedha ya alumini kwenye ncha za vijumba, utando kubanduka kama ngozi, au wafo kunasa sehemu ileile kila siku hata baada ya usafi mkubwa.

Kipande kidogo cha utando huo kikimezwa, kwa kawaida hupita tumboni bila kuyeyushwa. Kinachohitaji tahadhari zaidi ni joto kupita kiasi. Utando huanza kuharibika ukipita nyuzi 260 hivi, na joto likipanda zaidi ya hapo hutoa moshi unaodhuru, hasa kwa ndege wanaofugwa ndani ya nyumba, ambao unaweza kuwaua. Mashine nzima yenye kidhibiti joto haifiki huko. Ile ambayo kidhibiti chake kimekufa, ambayo haizimi na inatoa moshi bila kuwa na rojo ndani, isitumike tena.

Anayenunua mpya, hasa kwa biashara, aangalie vitu vitatu: mabamba yanayochomoka, mfereji wa kupokea rojo linalofurika, na volti zilizoandikwa nyuma ya mashine. Bei ya mashine yenye mabamba ya kuchomoka huwa juu kidogo, lakini ndiyo inayooshwa kweli kila siku.

Kwa aliye na mashine tayari, kuna kipimo kisichogharimu kitu. Kabla ya kuiwasha, ikiwa baridi na imechomolewa, kidole kikavu kipitishwe juu ya bamba. Kikiteleza, wafo ya kwanza ina nafasi nzuri ya kutoka nzima. Kikinata, rojo lisubiri. Kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni vitangulie.